Pikipiki ya safari ndefu: ya spana tatu au ya kompyuta? Wadau, nitoeni gizani

MvukaKedong (mwenye uzi)

Wadau, hamjambo. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka apite salama.

Naishi Rongai, kazi yangu iko mjini, na huu ni mwaka wa sita naenda na kurudi kwa Boxer 150. Mgongo umechoka lakini haijawahi kunilaza njiani. Wikendi huwa naitoa kwenda Magadi au Suswa, na mara moja niliifikisha Maralal na kurudi, safari ambayo makalio yangu bado yanaikumbuka. Sasa nimeweka akiba ya laki nane na nusu. Nataka nduthi kubwa kidogo, inipeleke Loiyangalani kwa njia ya Baragoi na kunirudisha kwa njia ya Laisamis, mimi nikiwa juu yake, si yenyewe ikiwa juu ya lori.

Shida ni kwamba kila nikisimama Kona Baridi, kwenye barabara ya Magadi, Jumapili asubuhi kuwauliza wenye mashine kubwa, naondoka na kichwa kizito kuliko nilivyokuja nacho. Wako wanaosema kitu usichoweza kukifungua kwa spana usikipande kwenda jangwani. Hao wimbo wao ni Suzuki DR650: silinda moja, cc 644, inapozwa kwa hewa na oili, kabureta moja ya kuchanganya petroli na hewa, na tangu 1996 kiwanda hakijaigusa kwa jambo la maana. Halafu wako watu wa skrini. Hao kabureta wanaiona kama simu ya mezani. Wanataka ABS ya kuzuia gurudumu lisijifunge ukishika breki, modi za mvua na changarawe, ramani mbele ya macho, na kompyuta ya kuzuia tairi la nyuma lisizunguke bure.

Mimi naegemea kwa watu wa spana, na nina sababu. Mwaka juzi rafiki yangu aliniazima pikipiki yake ya Ulaya, jina sitalitaja, niende nayo Nanyuki. Kwenda ilikuwa raha tupu, milima ya Karatina niliihisi kama tambarare. Asubuhi yake nikatoka na helmeti mkononi, nikabonyeza kitufe, skrini ikawaka vizuri kabisa, kisha ikaandika kwamba haiutambui ufunguo. Ufunguo ninao mfukoni! Nikautoa, nikaupangusa kwa shati, nikauweka juu ya tenki, nikauweka chini ya kiti, nikaubusu hata. Wapi. Betri nzima, petroli tele, injini haina kosa lolote, na mali ya mamilioni imegoma kwa sababu ya kitu kidogo kama kifungo cha koti. Vijana wa boda wakaja wakaizunguka, mmoja akaniuliza kwa upole, "Kwani kiki iko wapi?" Ilirudi Nairobi juu ya Canter. Kifaa kikaagizwa kutoka ng'ambo, na wiki saba zikapita kabla haijaunguruma tena.

Kwa hiyo mezani niko na hizi. DR650 ya mgeni mmoja aliyekuja nayo kwa barabara kutoka Cape Town na sasa anataka kurudi kwao kwa ndege. Royal Enfield Himalayan 411 ya 2021, imetembea kilomita elfu kumi na nne, mwenyewe amegundua hapendi vumbi. Na Himalayan 450 mpya, ambayo itanilazimu kukopa sacco. Yamaha Ténéré 700 naiota tu, msinitajie, mtaniliza.

Mngekuwa mimi mngefanyaje?

Tairi21

Nunua Boxer nyingine. Zinazobaki nunua ploti Kitengela.

MzeeKiki

Kijana wangu, umenigusa penye kidonda.

Mimi nilikuwa afisa wa mifugo Kajiado enzi ambazo serikali na miradi ilitupa Yamaha AG100 na Honda XL125. AG100 ile ilikuwa ya kuchanganya oili na petroli yenyewe, cheni yake imefunikwa sandukuni isione tope wala vumbi. Nilitembea nayo kutoka Namanga hadi kule ndani kwenye maboma ambako hata gari la chifu halikufika. Vifaa vyangu vilikuwa spana ya plagi, plasi, bisibisi na tyubu moja kuukuu ya kukatia viraka. Ikigoma, sababu zilikuwa tatu: haina moto, haina petroli, au haina hewa. Unaifungua chini ya mgunga, unaipuliza, unapiga kiki, unaondoka.

Ndiyo maana nikiona vijana wanapiga magoti mbele ya pikipiki wakisoma simu kujua inaumwa nini, moyo wangu unasononeka.

Lakini nisikudanganye, maana uzee una tabia ya kupaka asali vitu. Plagi nilikuwa nikiisafisha karibu kila Ijumaa. Kabureta niliifungua mara nyingi kuliko nilivyofungua kitabu cha dini. Na mwaka mmoja wa mvua kubwa niliteleza kwenye daraja la Kiserian nikafunga breki ya mbele, tairi likakwama, na mfupa wa bega uliovunjika siku hiyo unanitabiria mvua hadi leo. Hakukuwa na ABS. Kama ingekuwepo, pengine ningekuwa natabiriwa mvua na redio kama watu wengine.

Jambo moja zaidi. Hao wanaosifu DR650 kama baba wa urahisi, waulize kiki yake iko upande gani. Haina. Inawashwa kwa umeme tu. Betri ikifa utaisukuma kama wenzako.

KaratasiKwanza

Mwenye uzi, kabla hujaipenda hiyo DR650, uliza iliingia nchini kwa karatasi gani. Wasafiri wengi wa kuvuka bara huingia kwa karneti, ile hati inayoruhusu chombo kiingie kwa muda bila kulipiwa ushuru, kwa ahadi kwamba kitatoka. Kama hakijatoka na ushuru haujalipwa KRA, huwezi kukisajili kwa jina lako. Utakuwa na chuma kizuri sana sebuleni. Bei ya mgeni huwa tamu kwa sababu hiyo hiyo.

MvukaKedong (mwenye uzi)

Mzee, shikamoo, na pole kwa bega. Karatasi, nimempigia mgeni sasa hivi. Ni karneti. Alidhani hilo ni "jambo dogo la kumalizana na mtu". DR nimeifuta kwa kalamu nyekundu. Nimebaki na Himalayan mbili na ndoto moja.

BintiWaEskapmenti

Kaka, mimi niko upande wa skrini, ingawa skrini yenyewe siipendi. Natembelea Honda Africa Twin ya 2016, ile ya cc 998. Acha nikueleze kilichonifanya niache kubishana kuhusu ABS.

Ilikuwa jioni ya Aprili, natoka Limuru nateremka Mai Mahiu kwa njia ya zamani, ile ya kanisa dogo la Waitaliano. Mvua imenyesha na imekoma, lami inang'aa. Mnajua malori yanavyopanda pale kwa kunung'unika, na kila lori lina tone lake la dizeli. Mbele yangu matatu ikasimama ghafla kushusha mama na gunia la viazi. Nilishika breki kama mtu anayeshika kamba ya kisima. Hapo nikasikia kishikio kinanigonga vidole, tik-tik-tik-tik, haraka kama mapigo ya moyo wa kuku, na mguu wa kulia vilevile. Pikipiki haikulala. Ilienda imenyooka, ikasimama, gurudumu la mbele likiwa karibu na gunia kiasi cha kuhesabu viazi. Yule mama akaniangalia akasema, "Wewe msichana, shuka upumzike." Nikashuka. Miguu ilikuwa imegeuka ugali.

Sasa, sisemi mashine inaendesha badala yako. ABS hupima kasi ya kila gurudumu, na likitaka kusimama huku pikipiki ingali mbioni, inaachia breki kidogo na kuikamata tena, mara nyingi kwa sekunde moja. Kwenye lami yenye maji hiyo ni uhai. Kwenye changarawe iliyolegea ni kinyume: tairi la nyuma likifungwa hujikusanyia kokoto mbele yake na kusimama, lakini ABS inaliachia, na wewe unaendelea kuteremka mlima ukiwa umeshika breki yote. Ndiyo maana za safari zina kitufe cha kuizima nyuma. Jifunze kitufe hicho kabla hujajifunza kitu kingine chochote. Na ukumbuke nyingi ukizima swichi na kuwasha tena, ABS inarudi yenyewe. Umesimama kupiga picha ya twiga, umewasha, umesahau, mteremko unakusubiri.

Ile ya kuzuia tairi kuzunguka, kwenye udongo mweusi wa Suswa wakati wa mvua ni adui. Tope limejaa kati ya tairi na madigadi, unahitaji gurudumu lizunguke ili lijisafishe, kompyuta inaona linazunguka inakata nguvu. Unabaki umesimama kama ng'ombe aliyenata kwenye bwawa. Zima, ondoka, washa ukifika lami.

Kwa hiyo vifaa navitaka, ila navitaka na swichi zake.

SkriniKubwa

Asante dada. Na niwaongezee watu wa spana kitu cha kuwakosesha usingizi. Ténéré 700 ilipotoka 2019 ndiyo ilikuwa nabii wao: injini ya cc 689, ABS ya kuzimwa, na baada ya hapo hakuna kitu. Kebo ya resi ya kweli, hakuna modi. Ya mwaka 2025 imekuja na skrini ya rangi, modi, kidhibiti cha tairi la nyuma, na resi ya waya za umeme badala ya kebo. Ulaya tangu 2017 kila pikipiki mpya ya zaidi ya cc 125 lazima iwe na ABS, India tangu Aprili 2019. Usipochagua umeme, utachaguliwa.

MzeeKiki

Basi hata nabii amenunua simu.

FundiNgara

Nimewasoma nyote nikiwa na mikono ya oili, ndiyo maana nimechelewa. Mimi nafungua pikipiki hapa karibu na Kirinyaga Road mwaka wa kumi na tisa sasa. Nianze kwa kusema mabishano ya "rahisi au kompyuta" mnayapiga mahali pasipo na mpira.

Pikipiki yoyote ikija kwangu ikiwa juu ya Canter, mimi sihesabu ina kompyuta ngapi. Nauliza swali moja: kilichokufa, kingemruhusu mwenyewe afike nyumbani au la? Kuna umeme ambao ukifa unaendelea na safari. ABS ikifa, taa ya njano inawaka kwenye dashibodi na breki zako zinarudi kuwa breki za kawaida kama za Boxer. Modi zikigoma, nyingi zinabaki kwenye modi moja na unaenda. Skrini ikipasuka, injini haina habari. Vishikio vya kupasha mikono joto, USB, ramani, vyote hivyo ni mapambo. Vinaudhi, havilazi mtu porini.

Halafu kuna umeme ambao ukifa umesimama hapo hapo, na huu ndio mnaopaswa kuuogopa. Pampu ya petroli ndani ya tenki. Ubongo wa injini. Sensa ya mzunguko wa injini, hiyo isipotoa habari hakuna cheche wala petroli. Ufunguo wenye chipu, kama ule wa mwenye uzi pale Nanyuki. Na mbili ambazo hakuna anayezitaja Kona Baridi kwa sababu hazina sifa: swichi ya klachi na swichi ya stendi ya pembeni.

Niwape kisa. Mteja wangu mmoja, mtu mzima mwenye heshima zake, alinipigia simu kutoka kwenye ile barabara ya Laisamis kwenda Sarima, ile iliyotengenezwa kupitishia mitambo ya upepo ya Turkana. Wanaoijua wanajua mawimbi yake, kama umelala juu ya bati na mtu anakuburuta. Pikipiki inawaka ikiwa gia huru, akiingiza gia ya kwanza inazima. Kila mara. Alishafungua tenki, alishatoa plagi, alikuwa karibu kulia. Nikamwambia, "Mzee, piga magoti upande wa kushoto, fuata chuma cha stendi mpaka juu. Unaona kitu kidogo cheusi chenye waya mbili?" Akasema kimejaa mchanga na kinaning'inia. Hiyo swichi kazi yake ni kuzima injini ukitaka kuondoka na stendi ikiwa chini. Mtikisiko uliivunja, pikipiki ikaamini stendi iko chini milele. Nikamwambia akate zile waya mbili, azimenye kwa meno, azikunje pamoja, afunge kwa utepe wa plasta wa kwenye kisanduku cha huduma ya kwanza. Ikawaka, gia ikaingia, akaenda. Dakika kumi, pamoja na za kutukana. Angalizo: baadhi ya swichi hizo zina waya tatu, na nyingine ukiziunga ndiyo unazima kabisa, kwa hiyo ujue ya kwako ukiwa bado nyumbani.

Hiyo si kompyuta. Ni swichi ya kizamani kabisa, hata pikipiki za kabureta zinayo. Na ilimlaza mtu.

Tuje kwenye kabureta, maana naona inaombewa kama marehemu. Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Ukipanda Kinangop unavuka 2,400, ukishuka Magadi uko kama 600. Juu hewa ni nyepesi, kabureta haijui, inamwaga petroli ile ile kwa hewa pungufu, plagi inakuwa nyeusi na pikipiki inakohoa. Kabureta zenye kiwambo hujirekebisha kidogo, si zote. Pikipiki ya injekta, ile isiyo na kabureta, ina sensa inayopima hewa, kompyuta inapunguza petroli yenyewe. Nguvu unapoteza pote pale, karibu asilimia kumi kwa kila mita 1,000, hilo ni la Mungu, lakini ya injekta haikohoi na haili mafuta ovyo. Kwa nchi ya mabonde na milima kama yetu, hilo si jambo dogo.

Ila kabureta ina sifa yake ya kweli: petroli inashuka kwa uzito wake, haihitaji pampu. Za zamani nyingi pia zinachukua moto wa plagi moja kwa moja kutoka kwa injini, kwa hiyo betri iliyokufa si msiba, unasukuma. Injekta inataka pampu ijenge shinikizo la kama bar 3 kabla ya kitu kingine chochote. Betri ikifa kabisa, mkisukumana watu wanne kutoka Isiolo mpaka Archers Post hamtapata kitu. Na petroli ya chupa ya kule juu huwa na maji na mchanga. Kabureta ikiziba unaifungua kwa bisibisi. Kichungi cha pampu kikiziba unafungua tenki zima.

Hapo hapo, injekta inasema inaumwa wapi. Hizi za Ulaya za kiwango cha moshi cha Euro 5, na za India zilizotengenezwa kuanzia 2020, nyingi zina soketi ya pini sita chini ya kiti. Nachomeka kisomaji changu, inaniandikia namba, najua ni sensa gani. Kabureta haisemi. Inakuacha ukisie, na kukisia kwangu mteja ndiye hulipia. Na msidhani sisi mafundi tumelala. Hizi nduthi za umeme zilizojaa mjini, zimejaa waya na kompyuta, na vijana wa hapa wanazifungua kila siku.

Kwa hiyo mwenye uzi, usiniulize ni ipi rahisi. Andika vitu vinavyoweza kukulaza, kisha uone kwa kila pikipiki ni vingapi, na ni vingapi unaweza kubeba spea yake kwenye mfuko wa koti.

BintiWaEskapmenti

Fundi, uzito umeuacha nje. Kichungi kikiziba angalau unakaa chini ya mti unafungua. Pikipiki ikilala, hakuna kisomaji cha kuinyanyua. BMW R1250GS ni kilo 249 kabla hujafunga hata mkoba. Mimi Africa Twin yangu niliilaza mchangani karibu na North Horr peke yangu, nikajaribu mara tatu, ya nne nikakaa chini nikanywa maji yote kwa hasira, jambo la kipumbavu sana jangwani. Wachungaji wawili ndio walioniokoa, na walicheka njia yote.

FundiNgara

Kweli dada. Uzito ni fundi asiyekubali mkopo.

Tairi21

Boxer 150 ni kama nusu ya kilo hizo. Nasema tu.

MvukaKedong (mwenye uzi)

Nimerudi baada ya wiki mbili na nusu, samahani kwa kimya. Nilifanya kama Fundi alivyosema, nikakaa mezani na karatasi, mke wangu akadhani naandika wosia.

Himalayan 450 niliiendesha, na ni pikipiki nzuri kuliko mimi. Cc 452, nguvu farasi 40, gia sita, inapozwa kwa maji, tenki la lita 17, ramani ya Google inachorwa kwenye kioo cha mviringo mbele yako. Kwenye barabara ya kuelekea Ngong ilinifanya nijihisi kijana wa miaka ishirini. Lakini orodha yangu ilikuwa inarefuka: resi ya umeme, rejeta inayoweza kutobolewa na jiwe, feni, pampu ya maji, halafu mkopo wa sacco, ambao nao ni kitu kinachoweza kumlaza mtu. Sikuona kosa lolote. Niliona tu kwamba mengi yake yako nje ya mikono yangu.

Himalayan 411 mwenyewe aliniachia Jumamosi nzima, akabaki na Boxer yangu kama rehani. Nikashuka nayo Magadi. Farasi 24 na nusu kwa pikipiki ya kilo 199, msitegemee miujiza. Kuteremka Olorgesailie ilikuwa imekaa njiani kama ng'ombe wa maksai, haitikisiki, gurudumu la inchi 21 mbele linapanda mawe bila kuuliza. Nikaingia changarawe kuelekea ziwani, nikazima ABS ya nyuma, nikashika breki ya mguu kwa makusudi mara kumi hivi, mpaka mguu ukajua tofauti. Dada, ulisema kweli, ukizima swichi inarudi. Nilisahau mara moja, nikapita kona niliyokusudia kusimama.

Kurudi ndiyo nikalipia. Kutoka joto la Magadi kupanda hadi Kona Baridi, gia ya tatu, resi yote, na matatu ya Kiserian ikanipita huku kondakta akinipungia mkono kwa huruma. Lakini haikukohoa hata mara moja, chini wala juu. Boxer yangu mlima ule hunuka petroli mbichi. Nikaelewa habari ya hewa vizuri kuliko nilivyoisoma.

Nikaipaki nyumbani nikapiga magoti na tochi. Injini ya hewa na oili, hakuna rejeta. Vali mbili tu, za kurekebishwa kwa skrubu na nati, kazi hiyo naijua kwa Boxer. Kebo ya resi ni kebo. Ufunguo ni chuma kitupu, nilimuuliza mwenyewe mara mbili, akanitazama vibaya. Injekta ipo, pampu ipo, sensa zipo. Kwa hivyo vinavyoweza kunilaza nilihesabu sita: pampu, ubongo wa injini, sensa ya mzunguko, betri, na zile swichi mbili, ya klachi na ya stendi. Tenki ni lita 15, na wenye nazo wengi wanapata kilomita thelathini kwa lita wakienda taratibu, kwa hiyo Maralal hadi Loiyangalani sihitaji petroli ya chupa.

Nimeinunua. Laki nane na nusu haikuisha, iliyobaki nanunua betri mpya, pampu ya akiba, rilei mbili, fyuzi, na kifaa kidogo cha kushtulia betri kinachoingia mfukoni.

Mzee, skrini kubwa ya rangi haina. Ina dira kwenye dashibodi, ingawa wanasema ukiiamini sana utafika Somalia.

Fundi, ombi moja. Nataka unifundishe ile swichi ya stendi na kutoa pampu kwenye tenki, mimi nikishika spana mwenyewe, wewe ukikaa tu na kunikaripia. Nitalipa kama kazi ya kawaida.

MzeeKiki

Hongera kijana wangu. Tafuta pia plasi nzuri. Na tyubu ya akiba, usidharau tyubu.

SkriniKubwa

Utarudi hapa mwakani ukiuliza bei ya 450. Nimeweka alama kwenye uzi.

MvukaKedong (mwenye uzi)

Inawezekana. Utanikuta Baragoi.

FundiNgara

Jumatatu na Jumanne nina nduthi nne za boda zinazongoja pistoni. Njoo Jumatano saa mbili asubuhi, tenki likiwa karibu tupu, maana sitaki kuoga petroli yako. Vaa nguo za kuchafuka. Chai ni juu yako.